Maana ya Nailoni

"Hilo shati lako ni la nailoni?" mwalimu mstaafu aliuliza, hata kabla chai haijamiminwa.

Binti yake, aliyeketi ubavuni pake, alimkanyaga mguu chini ya meza. Asubuhi hiyo alikuwa amemsihi: "Baba, nakuomba, leo usimfanye mtu mwanafunzi."

Muuza vitambaa, kijana wa miaka thelathini hivi, alitabasamu. "Nailoni tupu, mwalimu. Nalifua jioni, asubuhi nalivaa. Pasi hailijui."

Mwalimu alijiweka sawa ndani ya koti lake la sufu, lenye nembo ya shule ya bweni aliyosomea. Jasho lilikuwa limemlowesha shingo, lakini kulivua mbele ya watu kungekuwa utovu wa nidhamu. Lililowakutanisha lilikuwa shauri la ndoa. Neno moja lingekwenda kombo, shauri lingevunjika, wala hapakuwa na miaka ya kusubiri jingine.

"Na jina lake unajua limetoka wapi?"

"Baba," binti alinong'ona.

"Namuuliza mwenye mali. Kijana, nailoni ni miji miwili: New York na London, zimeunganishwa herufi zao za mwanzo. Nimelifundisha hilo miaka thelathini na mmoja. Aliyelisahau alifyeka nyasi."

Kutoka jikoni kilisikika kicheko cha mama wa nyumba, kikazimwa upesi. Mwalimu alihisi masikio yakimwaka moto.

"Wengi husema hivyo," kijana akasema kwa upole, "lakini siyo. Walioitengeneza walijaribu majina chungu nzima. Lililobaki halina maana yoyote; mkia wake tu ndio walioazima kwa majina ya nyuzi zilizotangulia. Kwanza ikawa nywele za mswaki, halafu soksi ndefu za akina mama, halafu miavuli ya kurukia kutoka kwenye ndege. Leo ni nyavu, ni kamba, ni shati langu. Jina lilikuja tupu, mwalimu. Kazi ndiyo iliyolipatia maana."

"Unanisahihisha mimi?"

Bila hata kutazama, kijana alinyoosha mkono nyuma yake, akafungua kabati, akatoa kitabu kinene cha biashara yake na kukiweka mbele ya mgomvi wake. "Soma mwenyewe."

Mwalimu alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kitabu hakikubadili kauli.

"Marehemu baba yangu," kijana akasema, "hakuwahi kukosea hata siku moja. Tuliishi kwa kunyata. Maisha ya namna ile sitaki kuyaona tena."

Binti alikuwa amefumba macho. Mwalimu alijua kwamba angeweza kusema kitabu kimepotoka. Aliwahi kuwaambia hivyo wakaguzi wa elimu, nao wakakunja mafaili yao wakaenda zao. Lakini bwenini walilelewa kwa kanuni moja isiyokuwa na mjadala: aliyekosa husimama.

Basi akasimama, na koti lake lote, mikono ameibana mapajani.

"Nimekosea," alisema. Akakohoa. "Miaka thelathini na mmoja nimekosea. Na wale watoto walifyeka nyasi bure."

Kijana akageuza uso kuelekea jikoni.

"Mama, njoo," akaita. "Mchumba wako amefaulu. Ila mwambie avue hilo koti, asije akatufia sebuleni kabla ya harusi."