Mlango Unaogawa kwa Tatu

Kila mtu alipozaliwa alipewa namba ya tarakimu thelathini. Mlango wa kina Saumu ulijumlisha namba za waliosimama kizingitini. Jumla ikigawanyika kwa tatu, unafunguka na kuwapitisha hao tu. Ikibakiza kitu, hata ulie machozi haukusikii.

Saumu aliporudi na kichanga kutoka hospitali, mlango uligoma. Namba yake na ya mumewe Kombo hazikuwa na baki. Ya mtoto ilibakiza moja. Na mvua nayo ilishaanza.

"Tumpate mtu anayebakiza mbili, aingie naye," alisema Kombo, na papo hapo akaanza kuitaja namba, tarakimu zote thelathini, bila kukwama popote.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Mwanahawa."

Mchumba wake wa zamani, aliyekataliwa na mlango huohuo. Namba ya Saumu, Kombo huisoma kwenye simu.

Mwanahawa alikuja, akampakata mtoto, na mlango ukafunguka.

"Na kesho tukimpeleka kliniki, atarudije ndani?" Saumu aliuliza.

"Si nipo, mdogo wangu?"

Viatu alikuwa ameshavivua, kavipanga kando ya vya Kombo.