Vali ya Moshi

Mkono wa fundi ulikuwa umezama nyuma ya injini hadi begani, shavu limelala juu ya betri kama mtu anayesikiliza siri.

"Umeipata?" akauliza bwana harusi. Alikuwa amesimama hatua tatu nyuma, umbali uliopendekezwa na suti yake ya kijivu.

"Bolti mbili zimetoka. Bado moja."

Vali ya moshi ni kipande kidogo chenye kazi moja: kuurudisha moshi ndani ya injini ukaungue upya. Aliyeipanga mahali pale, kwa ushahidi wote uliopo, hakuwahi kuwa na mikono. Ilikuwa imezibwa na masizi, na gari lilizima kila liliposimama. Ndoa ilikuwa kwa msajili, saa tano kamili, na bi harusi alikuwa ameapa: ataenda na gari lake mwenyewe au haendi.

"Mafundi watatu walitaka kushusha injini yote," akasema kaka wa bi harusi, aliyempigia fundi simu alfajiri ile. "Nikasema hapana, yuko mmoja anayeifikia kwa kupapasa. Au siyo, fundi?"

Neno "fundi" alilitoa kwa uangalifu, kama mtu anayetema mwiba wa samaki.

"Ndiyo hivyo."

Ganzi ilikuwa imemwanzia fundi vidoleni, ikapanda kiwiko, ikafika kifuani, naye hakuona sababu ya kuifukuza. Alitaka kitu kimoja tu: amalize kabla bi harusi hajatoka nje.

Mama wa bi harusi alichungulia dirishani. Wakatazamana. Akashusha pazia bila salamu.

Vali mpya ikakaa. Bolti ya tatu ikagoma, ikabembelezwa, ikakubali.

"Washa."

Kaka mtu akakimbilia ndani kumwita dada yake. Bwana harusi akajipenyeza nyuma ya usukani, magoti yakagonga dashibodi.

"Hiki kiti kinarudi vipi nyuma?"

"Hakirudi. Kimenasa hapohapo anapopapenda. Na feni ielekeze upande wako, la sivyo atapiga chafya mpaka kwa msajili."

Bwana harusi akacheka. "Nyinyi mafundi bwana! Yote hayo umeyasoma kwenye injini?"

"Gari halifichi kitu."

Injini ikawaka. Ikatulia. Haikuzima, wala haikutoa moshi. Fundi akainama mara ya mwisho kuokota spana iliyoangukia kando ya rejeta. Dakika mbili nyingine, angekuwa barabarani.

Mlango wa nyumba ukafunguka kwa kishindo. Kaka wa bi harusi akatangulia, furaha imemzidi kimo.

"Shemeji!" akaita. "Shemeji, njoo umwone alivyopendeza!"

"Naam!" akaitika bwana harusi kutoka kwenye usukani.

"Naam!" akaitika fundi kutoka chini ya boneti.