Siku Tisa za Eda

Zilibaki siku tisa nimalize eda ya mume wangu, milio ya bunduki ilipofika Palma, mji wetu kaskazini mwa Msumbiji. Majirani walishakimbia. Judite, binti wa Kimakonde niliyekuwa simjui, aliingia uani kuomba maji.

"Mama, twende!"

"Niko edani, mwanangu. Sitoki mpaka siku zitimie. Nenda wewe."

Akaweka kikombe chini, akakaa barazani. Alikuwa peku, nyayo zimepasuka, zinatoka damu.

"Mama yangu nilimwacha nyuma. Wa pili simwachi. Tukifa, tufe."

Bunduki zikalia karibu na msikiti. Hakuinuka.

Ndala za marehemu zilikuwa nyuma ya mlango, hazijaguswa tangu maziko. Nikazichukua. Nikasema bismillahi, nikavuka kizingiti.

"Vaa," nikamwambia. "Ni mbali."