Kipimo cha Mama Mkwe

"Weka hicho kikombe chini. Sitaki tena umpimie mwanangu dawa."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni. Mkaza mwana akaweka mezani chupa ya dawa pamoja na kikombe kidogo cha plastiki kilichokuja nayo. Hakubisha. Alishajua kwamba kubishana na mama huyu ni kujitafutia presha bure.

"Sawa, mama. Ila daktari amesema mililita mbili tu kila asubuhi," alisema taratibu. "Ikipungua, moyo unalegea. Ikizidi, unasimama. Si dawa ya kuchezea."

"Ndiyo maana sitaki uichezee! Mtoto anazidi kukonda, na anayempimia ni wewe. Huko kazini kwenu mna vioo vya kupimia mpaka tone, halafu mumeo unampimia na kikopo cha kitoto. Unampunja."

"Kikombe kinatosha, mama."

"Nimesema lete kioo. Nitapima mwenyewe."

Mkaza mwana alikuwa fundi wa maabara, na kosa hilo mama mkwe hakuwahi kumsamehe. Mbele ya wageni alimwita Bibi Chupa, akisema mwanawe aliomba mke akaletewa mnusa tindikali. Wageni walicheka, na mume alicheka kuliko wote. Kicheko cha mume ndicho kilichomchoma.

Hata sasa, hoi kitandani, sauti yake ilipenya ukuta: "Mpe mama anachotaka! Kiburi cha nini?"

Jioni mkaza mwana akarudi kutoka kazini na mrija mwembamba wa kioo, umeviringishwa ndani ya taulo. Ulikuwa umechorwa mistari na namba kwa urefu wake, na juu una kimpira cha kuvutia dawa. Asubuhi iliyofuata mama mkwe aliwaita na mawifi waje kushuhudia. Walisimama mlangoni wakisukumana kama watu waliokuja kutazama ngoma.

"Ushike wima, mama," mkaza mwana alielekeza. "Ukiulaza kidogo tu, unakudanganya."

Mama akaushika wima.

"Macho yawe sawa na mstari. Ukitazama kutoka juu unaona kingine, ukitazama kutoka chini unaona kingine."

Mama mkwe, na magoti yale yanayomliza kila baridi, akapiga magoti sakafuni mpaka jicho likawa sawa na mstari. Ukweli usemwe, alimpenda mwanawe. Wifi mmoja alitaka kumwinua, akafukuzwa kwa kiwiko.

"Unaona dawa ilivyobonyea katikati? Usisome pembeni inapopanda kwenye kioo. Soma chini, pale kwenye bonde."

"Nimeliona bonde."

Akavuta tena kidogo. Dawa ikapita mstari. Akairudisha kidogo kwenye chupa, akabana pumzi, akairudisha tena kidogo. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Alijua fika kwamba tone moja la uzembe lingeweza kumuua mtoto wake wa pekee wa kiume.

"Mbili," alisema hatimaye. "Mbili kabisa. Njoo uangalie, usije ukasema nimekosea."

Mkaza mwana akapiga magoti kando yake, akafumba jicho moja.

"Ndiyo, mama. Bonde limekaa juu ya mbili. Hata kazini ni wachache wanaoweza hivi."

Mama mkwe alivimba kichwa. Akamwaga dawa yote ndani ya bilauri, akaipeleka chumbani mwenyewe, msafara mzima nyuma yake.

Mume alikunywa, akakunja uso. "Mbona leo nyingi?"

"Mmesikia?" Mama akawageukia mawifi. "Nyingi! Ndicho kipimo chako halali hicho, baba. Ulizoea kupunjwa."

Mume alimtazama mkewe kwa jicho kali. "Kumbe mama alikuwa anasema kweli. Nikipata nguvu za kusimama, utafungasha virago vyako."

Mkaza mwana aliinamisha kichwa. Mawifi wakaguna, wakatazamana, wakaridhika kwamba mwizi amepatikana. Alichukua bilauri tupu, akausuuza mrija, akauweka palipo salama.

"Basi kuanzia leo utapima wewe, mama," alisema. "Nyumba nzima imeona unavyojua." Akaaga, akaenda kazini.

Maabarani kulikuwa na mfanyakazi mpya, bwana mwenye ndevu aliyehamishwa kutoka stoo, na ilikuwa zamu ya mkaza mwana kumfundisha. Alimpa maji ya rangi na mrija, ndugu wa ule alioupeleka nyumbani, akamwambia amtolee mililita mbili.

Simu ikatetemeka ndani ya koti lake. Ikanyamaza, ikatetemeka tena.

"Pokea tu, dada," bwana yule alisema. "Huenda kuna shida."

"Ni mama mkwe. Hakosi la kunilaumu. Wewe endelea."

Bwana akavuta maji, akainama mpaka jicho likawa sawa na mstari. Simu iliita tena, na sasa ya mezani nayo ikaanza. Mwanafunzi akatabasamu, akamwonyesha.

"Mbili, dada. Umeona?"

Alisogea, akaangalia kwa utulivu, kama mwalimu mwema.

"Jicho lako zuri, mkono wako mzuri. Lakini wageni wote wanaangukia hapa hapa. Mrija huu unabeba kumi, na namba zake zinaanzia juu kushuka chini. Hapo ukimwaga yote, umetoa nane."