Taa ya Kijani Nyumbani kwa Mwajabu

Alfajiri nilisikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini taratibu. Mjukuu wangu Mwajabu alikuwa ananichemshia maji ya kuoga, akijihadhari asimwamshe mumewe.

Ukutani kisikizi, kile kifaa cha kusikiliza ugomvi, kiliwaka kijani. Siku hizi kila nyumba inacho, kwa sheria. Mtu akimpiga mwenzake au akipaza sauti, taa hugeuka nyekundu, na mlango wa nyumba ile haumfungukii tena mwaka mzima.

Mumewe, Hamdani, hajawahi kupaza sauti. Alipoamka alionja chai, akatabasamu.

"Bibi, unamwona mjukuu wako? Hata tangawizi hajui kiasi. Namvumilia tu. Nani mwingine angemtaka huyu?" Alisema polepole, kama anayeomba dua.

"Nisamehe," Mwajabu alisema, tayari anaimwaga. Chai ile ilikuwa tamu. Mimi nilikuwa nimeomba kikombe cha pili.

"Ona, sasa analia. Nimesema nini kibaya? Si kisikizi hicho hapo, kiulize."

Nilikitazama. Kijani. Tangu nifike ni kijani tu, na mtoto anazidi kunyong'onyea mbele ya macho yangu.

"Mwache!" nilipiga kelele. "Mwache mtoto wangu, mshenzi wewe!"

Taa ikawa nyekundu. Mlango ukafunguka wenyewe, nacho kisikizi kikaniamuru nitoke.

Hamdani alinibebea begi hadi kizingitini. "Pole, Bibi. Sheria ni sheria."

Nje kulikuwa na baridi. Mwajabu alinifunika kanga yake mabegani.

"Mwaka ukiisha, Bibi," alininong'oneza, "utakuja tena?"