Kitone cha Kwapani

Daktari Chitemo alimdunga Sikudhani titini chembe ndogo kuliko vumbi, kisha akazifuata kwa mashine zikitambaa kwenye mishipa ya limfu. Ziliposimama kwapani, akatia kitone cha wino wa zambarau.

"Saratani nayo hupita njia hii hii, mama. Saa nane napasua hapa. Usiifute alama, maana chembe hizi hazikai hapo muda mrefu."

Saa saba mumewe Mbwana aliingia wodini, akakiona kile kitone.

"Umerudi kwa mganga! Nilikwambia nini?"

"Baba Zawadi, ni daktari huyo."

"Daktari gani achore watu makwapa? Mwongo wewe!"

Akamkaba koo kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akamwaga spiriti ya wauguzi kwenye taulo, akaanza kusugua. Wino ukatapakaa, ukaanza kufutika.  Sikudhani alichomeka ukucha wa kidole gumba pale pale palipokuwa na kitone, akaukandamiza. Mbwana akauvuta ule mkono, akaupiga ngumi, akampiga na kofi la uso hadi kitanda kikagonga ukuta. Ukucha haukutoka.

Wauguzi wawili walimburuta nje akitukana.

Daktari alipofika, ngozi ilikuwa nyekundu yote, imechubuka, haina hata chembe ya wino.

"Alama yangu iko wapi?" akanong'ona.

"Lete kisu chako kwanza," Sikudhani akasema kwa mdomo uliopasuka.

Kisu kilipoletwa, ndipo akainua ukucha. Tone moja la damu likachomoza pale pale palipokuwa na kitone, likasimama chini ya taa bila kudondoka.