Kikombe cha Sukari

Mwalimu wa kemia alikuwa jikoni akipitia somo lake kwa sauti. "Kuvunja vifungo vya molekuli ya sukari kunakula nishati. Vikiundwa vipya pamoja na oksijeni, inatoka nyingi zaidi..."

Ulimi ukawa mzito. Jasho baridi likamtoka.

Wifi yake, ambaye walikuwa hawaivi tangu harusi, aliacha vyombo.

"Umejichoma insulini bila kula?"

Akakoroga sukari kwenye maji haraka, akamshikia kikombe mdomoni. Chembe ambazo hazijayeyuka zilimkwaruza mwalimu ulimi. Baada ya kitambo nguvu zikamrudia.

"Asante, wifi. Ungeniacha, ningekufa."

"Nikuache uende wapi? Kunywa."

Mwalimu akalia. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, wifi akavuta kiti, akakaa naye.